Barua ya wazi kwa waliokabidhiwa Kisiwa cha Ndere: tuonyesheni mpaka

Kwa waheshimiwa wote mnaosimamia Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Ndere, na wenzenu mlioshika mambo ya ziwa, uvuvi na mazingira katika Kaunti ya Kisumu.

KUH: MPAKA WA HIFADHI, HESABU YA WANYAMA NA HALI YA MAJI YANAYOZUNGUKA NDERE

Waheshimiwa,

Tunawasalimu kwa heshima. Sisi ni wakazi wa ukingo wa ziwa upande wa Seme: wavuvi wa mbuta na omena, wachuuzi wa samaki, akina mama wanaosuka mikeka ya mafunjo, waendesha boti na walimu wawili watatu. Ndere tunaiona kila tunapofungua mlango.

Tumewaandikia barua za kawaida. Tumezileta kwa mkono, zikagongwa muhuri wa kupokelewa, na tumekaa kwenye mabenchi ya kusubiri hadi tukazoeana na mabawabu. Ofisi moja ilituambia jambo letu ni la ofisi nyingine. Hiyo nyingine ikaturudisha kwa ile ya kwanza. Sitataja hata moja hapa. Hatukuja kumwaibisha mtu, na isitoshe kila mmoja wenu akisoma atajua karatasi yetu imelalia meza ipi. Jibu la maandishi hatujapata, ndiyo maana leo tunasema mbele ya watu.

Kwa wasomaji ambao hawajafika huku: Ndere ni kisiwa cha kilomita za mraba 4.2 ndani ya Ghuba ya Winam, karibu na ufuo wa Seme, magharibi ya mji wa Kisumu. Kilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1986. Kwa ukubwa si kitu. Mbuga ya Nairobi ina kilomita za mraba 117, na katika hifadhi za taifa ni Saiwa kule Trans Nzoia, ile ya nzohe, swala wa kinamasi, inayojulikana kuwa ndogo kuliko zote. Lakini mtu akikaribia kwa boti asubuhi, kabla upepo wa ziwa haujaanza kuvuma, haoni udogo. Anaona kwanza ukanda wa mafunjo na matete, kisha mikuyu iliyoinamia maji, kisha nyasi zinazopanda mwinuko hadi kwenye miti ya miiba. Swala pala wanalisha huku mgongoni mwao kuna maji, jambo ambalo anayewajua swala wa nyika kavu hulitazama mara mbili. Kuna chatu, kenge, nyani, tumbili. Furukombe anapiga kelele juu ya mti na mwenzake anamjibu kutoka ng'ambo. Viboko hutoka majini jua likizama. Simba hakuna, na hilo lina maana yake, nitalifikia.

Hatuandiki kupinga hifadhi. Tunaitaka. Tunachopinga ni kwamba kisiwa kinalindwa dhidi yetu tulio ufuoni, huku madhara makubwa yakiingia kwa njia ya maji bila kuulizwa na mtu. Malalamiko yetu ni haya.

1. Hatujui mpaka uko wapi

Hili ndilo linaloleta ugomvi kila mwezi, kwa hiyo mtanivumilia nikilieleza kwa kirefu.

Ziwa hili halikai mahali pamoja. Wazee wetu bado wanasimulia mvua za Uhuru, zile za kuanzia mwaka 1961, ambazo ziliinua ziwa zaidi ya mita mbili kufikia mwaka 1964. Baadaye maji yalishuka polepole, na mwaka 2006 yalikuwa chini kiasi kwamba boti zilikwama kwenye matope mahali palipokuwa na kina. Kisha mwaka 2020 yakapanda hadi kuvuka kiwango cha mwaka 1964, na mwaka 2024 yakapita hata hapo. Mvuvi mmoja, katika maisha yake ya kazi tu, ameona ukingo ukienda na kurudi. Na kwa kuwa sehemu nyingi za ufuo ni tambarare, maji yakipanda mita moja kwenda juu huingia nchi kavu hatua nyingi sana.

Sasa tunauliza. Ramani ya mwaka 1986 ilichorwa maji yakiwa mahali fulani. Je, mpaka ni ule mstari wa ramani? Kama ni huo, basi sehemu ya hifadhi leo iko chini ya maji, na mvuvi anayetega nyavu juu yake yuko ndani ya hifadhi ya taifa bila kujua. Je, mpaka ni ukingo wa maji popote ulipo? Kama ndivyo, hifadhi inapungua kila ziwa linapopanda, na mafunjo yaliyomo majini, ambamo samaki huzaliana na mamba hujificha, yako nje ya ulinzi wenu. Au kuna ukanda wa maji kuizunguka Ndere ambao nao ni hifadhi? Kama upo, una upana gani?

Majibu haya matatu hayafanani hata kidogo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaadhibu vikali anayeingia hifadhi bila idhini, nasi hatuna shida nayo. Shida yetu ni kwamba upande huu hatujawahi kuonyeshwa boya, wala bango, wala ramani iliyobandikwa penye bichi. Tunachoonyeshwa ni mkono wa askari wa doria: "Kuanzia pale." Askari wa mwezi ujao ana pale yake. Mvuvi anarudishwa nyuma leo mahali ambapo jana alipita akapungiwa mkono. Na mkizingatia kwamba injini, mashua na nyavu ndiyo mali yote ya nyumba fulani, mnaweza kuelewa kwa nini vijana wanajibu kwa hasira.

Najua mtakachosema, kwa sababu tumekisikia kwenye korido: boya ni ghali, na gugumaji likipita hulizoa. Kweli, hulizoa. Lakini hatukuomba boya la kuagizwa ng'ambo. Wavuvi hutia alama nyavu zao kwa madumu ya plastiki, na dumu likipotea hutia lingine. Pakeni madumu rangi moja ambayo mvuvi haruhusiwi kuitumia, tutasaidia kuyafunga na kuyarudishia. Na kabla ya hayo, andikeni majira-nukta ya mpaka kwenye karatasi moja, ibandikwe kila bichi. Siku hizi karibu kila mashua ina mtu mwenye simu inayoonyesha mahali alipo. Gharama ya karatasi hiyo hatuamini kwamba imewashinda.

2. Wanyama wako wangapi, na wanaishije?

Swala pala wa Ndere waliletwa na binadamu. Hawakuogelea. Mnyama aliyewekwa kisiwani hana mahali pa kuhamia nyasi zikiisha, na hana jirani wa kuoa kwake. Dume linalobaki na kundi leo litakuwa baba, na baadaye huenda likawa babu wa wale wale. Kwa kuwa hakuna simba wala chui wa kupunguza idadi, kazi hiyo inabaki kwa chatu, mamba, magonjwa na njaa. Kwenye kilomita nne za mraba, mwanya kati ya swala wa kutosha na swala kupita kiasi ni mwembamba.

Tena ziwa likipanda, kinachomezwa kwanza ni zile nyasi za chini kando ya maji, ambazo ndizo hubaki mbichi wakati wa kiangazi. Mwinuko unabaki, lakini mwinuko hukauka. Kwa hiyo swali letu ni la kawaida kabisa: tangu maji ya mwaka 2020 na yale ya 2024, malisho yamepungua kiasi gani, na idadi ya wanyama imekuwaje? Kuna utaratibu wa kubadilisha madume na hifadhi nyingine ili damu isirudi kwenye damu?

Tuliambiwa kwa mdomo kuwa idadi ya wanyama ni habari ya usalama. Waheshimiwa, mwaka 2021 nchi hii ilihesabu wanyama wake na kutangaza kwa umma kwamba ina tembo 36,280 na vifaru 1,739. Kama hesabu ya vifaru, ambao watu hufa na kuua kwa ajili ya pembe zao, ilisomwa mbele ya waandishi wa habari, swala wa Ndere wana siri gani?

Tuna sababu ya kuharakisha. Kule Baringo, maji yalipopanda, rasi ya Longicharo ikageuka kisiwa na twiga wakanaswa humo. Walihamishwa mmoja mmoja juu ya jukwaa linaloelea kwenye mapipa, kuanzia Desemba 2020 hadi Aprili 2021, twiga tisa kwa jumla, na kazi hiyo ilifanywa pamoja na wenyeji, Wailchamus na Wapokot, walio na hifadhi ya jamii ya Ruko. Nakuru nako ziwa lilipanda hadi lango kuu la hifadhi na majengo ya ofisi yakaingia majini. Kwa hiyo hakuna anayeweza kutuambia kwamba jambo hili halijawahi kuonekana Kenya. Tunataka kujua kama Ndere ina mpango wa aina hiyo kabla ya siku ya kuutumia.

3. Maji yenyewe

Nikiwa mkweli, hapa ndipo ninapopata uchungu zaidi.

Ghuba ya Winam ni bakuli pana lenye kina kifupi na mdomo mwembamba. Kinachoingia hakitoki upesi. Mto Nyando unaleta udongo mwekundu wa mashamba ya juu na mbolea yake. Kisat na Kibos inapitia mjini na maeneo ya viwanda. Sondu-Miriu unaingia kutoka kusini. Kila mvua kubwa ikinyesha, uchafu wa Kisumu unajua njia ya kufika ziwani. Kisha jua linapiga, maji yanakuwa ya kijani kizito kama rangi iliyomwagwa, na harufu yake inaingia hadi jikoni.

Rutuba hiyo ndiyo chakula cha gugumaji. Mmea huu asili yake ni Amerika ya Kusini; ulionekana upande wetu wa ziwa karibu mwaka 1990, na kufikia mwaka 1998 ulikuwa umefunika maelfu ya hekta za ghuba. Wadudu wadogo wanaoula waliachiliwa, nao wakasaidia. Lakini haujaondoka. Upepo unauhamisha: leo uko Dunga, kesho uko Kendu, keshokutwa umeifunga Ndere upande mmoja hivi kwamba boti haipiti na ndege wanaowinda samaki hawaoni maji. Chini ya zulia hilo hewa inapungua, samaki wanahama au wanakufa, na konokono wa kichocho wanastawi. Kisiwa kinabaki pale pale kikisubiri upepo ugeuke.

Sasa mafunjo. Watu wengi wanayaona kama majani ya kufyeka ili kupata nafasi ya kuegesha boti. Kumbe ndiyo yanayochuja maji ya mto kabla hayajafika ziwani, ndiyo kitalu cha ngege, mumi na kamongo, na ndiyo makao ya ndege ambao hawaishi kwingine. Yupo mmoja mweusi mwenye kifua chekundu na utosi wa manjano. Mfyekee mafunjo, haendi kwenye mkuyu wala kwenye mwiba, anatoweka tu. Wageni huja Dunga kutoka nchi za mbali kumtafuta huyo mmoja, na wakimwona wanapiga makofi kimoyomoyo ili asiruke.

Akina mama wetu hukata mafunjo kwa mikeka, vikapu na dari, na yakikatwa kwa zamu huota tena. Kinachoyaua ni moto wa kiangazi, na maji yanayopanda ghafla hadi mizizi inang'oka na vipande vizima vinaelea. Aprili 2020 kisiwa cha namna hiyo kilielea hadi bwawa la umeme la Jinja na Uganda ikakosa umeme. Upande wetu vipande kama hivyo vinapita mbele ya macho yetu na viota vikiwa juu. Tumeomba mara nyingi kalenda ya ukataji: sehemu ipi ikatwe, ipi ipumzishwe, na miezi gani ndege wanataga. Hatukuomba fedha. Tuliomba mtaalamu mmoja na siku moja.

Jibu tunalopewa ni kwamba hifadhi inahusika na kisiwa, maji ni ya watu wengine. Tunawauliza, bila utani: kisiwa ambacho hakihusiki na maji kinaitwaje? Na jambo hili linawezekana. Mlango wa Mbita ulizibwa kwa tuta la barabara tangu miaka ya 1980, maji kati ya kisiwa cha Rusinga na bara yakakosa kupita. Mwaka 2017 daraja lilifunguliwa na mkondo ukarudi. Barabara na ziwa vilikuwa mikononi mwa ofisi tofauti wakati ule pia.

4. Viboko na mamba

Kiboko akiwa kwenye picha ya matangazo ya utalii ni wa hifadhi. Akipanda ufuoni usiku na kumaliza mahindi ya mjane, anakuwa wa ziwa. Tungependa mchague moja.

Sheria ya mwaka 2013 inataja fidia ya shilingi milioni tano kwa familia ya aliyeuawa na mnyama aliye kwenye orodha yake, milioni tatu kwa ulemavu wa kudumu, na kiboko na mamba wamo katika orodha hiyo. Kuna kamati ya kaunti ya kupokea madai. Tunaomba kamati hiyo ije kwetu, ieleze fomu kwa Kiswahili na Kiluo, na iseme madai yaliyokwisha kupelekwa yamefikia wapi. Si zaidi ya hayo.

5. Watoto wanaoiona Ndere lakini hawajaikanyaga

Shule zetu ziko mahali ambapo mtoto akichungulia dirishani anaona hifadhi ya taifa. Akifika darasa la sita amechora simba mara kumi na swala wa Ndere hajamwona kwa karibu hata mara moja. Gharama ya boti, maboya ya kujiokoa na kiingilio inawashinda walimu. Tunapendekeza siku moja kwa muhula iwe ya shule za ufuoni, boti zetu tutatoa, nanyi mtoe mwongozaji na maboya ya kujiokoa yanayowatosha watoto. Narudia, yanayowatosha watoto. Ya mtu mzima humtoka mtoto kichwani.

6. Ujenzi

Kila msimu wa kampeni tunasikia kuwa kisiwani kutajengwa hoteli, au gati, au vyote viwili. Huenda ni maneno ya jukwaani tu. Ila kama kuna mchoro wowote mezani, sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka tathmini ya athari na maoni ya umma kabla ya jembe la kwanza. Tangazo lisibandikwe Nairobi pekee.

Kuna mambo mawili ambayo naona yakija kama majibu, bora niyatangulie.

La kwanza ni kwamba wavuvi ndio wahalifu wenyewe. Wapo. Kuna watu wanaotumia nyavu za kukokota na nyavu za uzi wa plastiki zilizopigwa marufuku, na kuna wanaojificha upande wa pili wa kisiwa usiku kwa kuwa wanajua hakuna jicho. Hao wanatuibia sisi kabla ya kuwaibia ninyi, maana wanavua samaki wachanga ambao tungewavua mwakani. Kamati zetu za bichi, BMU, ziko kisheria na zina orodha ya kila mashua na mwenyewe. Usiku wa giza taa za omena zinaizunguka ghuba yote hadi mtu anadhani kuna mji juu ya maji. Wenye taa hizo ndio wanaoona nani amepita bila taa. Tumejitolea kufanya doria za pamoja. Hatujaitwa.

La pili ni kwamba hakuna bajeti. Hilo tunaliamini nusu. Utalii wa magharibi ya Kenya haujawahi kupewa uzito unaopewa Mara au Amboseli, na Ndere haileti fedha za kutisha. Lakini hebu pitieni tuliyoyaomba hapo juu. Karatasi yenye mpaka. Hesabu ya swala. Kalenda ya mafunjo. Kikao na kamati ya fidia. Siku ya shule. Ukiondoa maji machafu, ambayo kweli yanahitaji mabilioni na miaka, mengine yanahitaji mtu kuamua.

Kwa hiyo tunaomba yafuatayo, na tunayaomba kwa mujibu wa Katiba. Ibara ya 35 inampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali, ibara ya 42 inampa haki ya mazingira safi, na ibara ya 69 inaitaka serikali ihimize wananchi kushiriki katika kuyasimamia.

Mosi, ndani ya siku 21 zinazotajwa na Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya mwaka 2016, tupewe kwa maandishi mpaka halali wa hifadhi na mahali unapopita leo, baada ya maji kupanda. Hadi hapo, mvuvi yeyote atakayekutwa karibu na kisiwa bila nyavu haramu wala mnyama aonywe, asikamatwe.

Pili, tupewe hesabu ya mwisho ya wanyama wa Ndere pamoja na mpango wa usimamizi. Sheria ya mwaka 2013 inasema kila hifadhi ya taifa isimamiwe kwa mpango kama huo, kwa hiyo hatuombi kitu kipya kitungwe. Kama mpango upo, tuusome. Kama muda wake umekwisha, tuelezwe mpya unaandikwa lini, na wakazi wa ufuoni waketi mezani unapoandikwa, wasiitwe siku ya kuuzindua kupiga makofi na kunywa soda.

Tatu, wenye hifadhi, wenye ziwa, wenye mazingira na serikali ya kaunti mkutane pamoja nasi kwa kikao kimoja kuhusu maji ya ghuba, na kila ofisi iseme mbele ya nyingine sehemu yake ni ipi. Tumechoka kubeba ujumbe kati yenu.

Nne, doria ya pamoja na kalenda ya mafunjo zianze kabla ya kiangazi kijacho, kabla mtu hajawasha kiberiti.

Siku 21 zikipita bila jibu, tutapeleka ombi letu kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo iliyopewa na sheria kazi ya kusikiliza wanaonyimwa taarifa, na tutapeleka jambo la mpaka kwenye Bunge la Kaunti kwa njia ya dua ya wananchi. Nakala za barua zetu zote zenye mihuri tunazo, zimepangwa kwa tarehe.

Kikao kifanyike bichini na si hotelini. Tafadhali msichague siku za mwezi mwandamo, kwa maana usiku huo wavuvi wa omena hukesha ziwani na mchana wamelala; tena wale wadudu wa ziwa hupanda kwa mawingu hadi mtu hawezi kufungua kinywa. Njooni siku za mwezi mpevu, boti zikiwa zimepumzika. Si Jumapili asubuhi.

Wenu kwa heshima,

Katibu,
kwa niaba ya wakazi na wavuvi wa ufuo wa Seme,
Kaunti ya Kisumu

Nakala:
Wawakilishi wa wadi za Seme
Kamati za BMU za Ghuba ya Winam
Walimu wakuu wa shule za ufuoni
Mbao za matangazo za bichi zote zinazoikabili Ndere